Kiti Ulichokivuta Mbarara

Faida,

Mlio ambao umekataa kutoka masikioni mwangu ni wa kiti. Kile cha chuma chenye mguu mmoja uliopinda, katika ukumbi wa Mbarara tunakosomea Kihispania kila Jumamosi. Ulikivuta kutoka ukutani hadi kwenye meza ya mwalimu, juu ya saruji tupu, krrrr, polepole, bila wasiwasi, kama mtu aliye kwao. Darasa zima liligeuka. Mimi nilikuwa mlangoni, chupa ya maji mkononi, natamani ardhi ipasuke.

Najua wewe unaikumbuka siku hiyo kwa namna nyingine. Kwako ni siku uliyokula vizuri. Mwalimu Inés alikuwa amefungua kopo lake la chakula cha mchana, ile chapati nene ya mayai na viazi wanayoiita tortilla, na alipokuona unaingia akainua uma akasema, «¿Gustas?» Karibu. Na wewe ukaelewa! Hilo ndilo lililoniuma. Kwa wiki nyingi ulikuwa ukiniambia kwamba lugha hii inaingia sikio hili na kutokea lile, lakini neno la kuitwa kwenye chakula ulilielewa bila kutafsiriwa. Ukavuta kiti. Ukanawa mikono kwa maji ya chupa yako, ukasema «gracias», ukala. Si tonge la heshima. Ulikula nusu.

Inés alicheka, akasukuma kopo katikati ya meza. Aliyesema kwanza ni Afande Byaruhanga, yule sajini mstaafu anayekaa karibu na kambi ya jeshi ya Makenke, anayejifunza Kihispania ili aelewe watangazaji wa mpira wa kule. "Mama Faida," akaniambia kwa sauti yake ya gwaride, "wacha mutoto akule. Hii chakula ilikuwa naniangalia tangu saa nne. Yeye amenishinda mbio tu."

Njiani nilikuuliza kwa nini. Nayaandika maneno yako kama ulivyoyasema: "Mama, alisema karibu. Mutu akikuambia karibu, utafanya nini? Utasimama pale kama muti?"

Niliongeza mwendo, nikakuacha nyuma.

Jioni hii uko nje unaaga majirani, na kwa jinsi unavyoaga, nyumba moja baada ya nyingine na kila mtoto abebwe kidogo, hutarudi upesi. Koko wako, mama yangu mzazi, yuko jikoni anagombana na sufuria. Begi lako nimelifunga na kulifungua mpaka zipu imeanza kukataa. Habari za koti, za soksi, za kutokuweka hati za safari katika mfuko wa nje, tumezigombania mwezi mzima na nimezichoka kuliko wewe. Sitaziandika hapa. Kesho alfajiri gari litakuja, na kabla halijaja nataka kumaliza habari ya kile kiti.

Unajua jinsi jambo hili lilivyoanza, lakini hujui lilivyonikalia kichwani. Parokia moja ya Soria, mji mdogo wa Uhispania unaosemekana kuwa na baridi ya kuuma mifupa, ilikubali kukulipia masomo ya kutunza wagonjwa. Mjane mmoja wa huko, Amparo, akakubali ukae nyumbani kwake. Bila nyumba ya Amparo hakuna masomo. Hilo walilisema wazi. Na walitaka ufike ukiwa na Kihispania cha kuanzia: cha kuomba maji, cha kuuliza njia, cha kuonyesha mahali panapouma. Ndipo tukampata Inés, anayewafundisha wagonjwa kutembea tena na anayeishi kule Kakiika, na yeye akakubali kutufundisha bure pamoja na wengine wachache.

Nasema "kutufundisha". Wewe hukuniomba nijifunze. Nilikaa mwenyewe kwenye benchi la mbele, nikafungua daftari jipya, nikaanza kuandika kabla mwalimu hajasema jina lake. Nilifikiri Kifaransa changu kingenibeba. Kilinibeba siku moja tu, kikanitupa. Lakini niliendelea kuandika, na kila nilichoandika nilikurudishia nyumbani kama deni. Kwenye bomba la maji, mbele ya wanawake wote wa kijiji chetu cha Kashojwa, nilikuinulia dumu nikakuuliza, «¿Qué es esto?» Hiki ni nini?

"Mama, ni bidon. Batu bote banajua ni bidon."

Nikakuambia umekosa, hicho ni Kifaransa cha kwetu Kongo, fikiri. Jumamosi iliyofuata nilimwuliza Inés, akasema hata kwao ni bidón. Ulitazama dirishani ukatabasamu na mti wa nje. Nadhani hujui jinsi tabasamu lile lilivyonikera. Nilikukasirikia njia nzima ya kurudi kambini Nakivale kwa kosa la kupata.

Shuleni kwetu Fizi, mtoto aliyesikika akisema Kibembe, lugha ya nyumbani, alivishwa kibao shingoni. Alitembea nacho mpaka amsikie mwenzake akikosea, amvishe yeye. Nilikivaa mara nyingi. Mpaka leo nikisikia lugha ya darasani, shingo yangu inakaza. Niliapa kwamba mtoto wangu hatajifunza lugha kwa namna hiyo, na sijakuvisha kibao, hapana. Lakini nimegundua kwamba sauti yangu yenyewe inafanya kazi ile ile. Umewahi kuona unavyoinamisha kichwa nikianza kusema Kihispania? Mimi nimeona. Nimeona na nimeendelea kusema. Mtu anaweza kujua ubaya wa kitu na bado mdomo wake ukakifanya.

Basi baada ya kiti, nilimfuata Inés pembeni nikamwomba radhi kwa ajili yako. Akashangaa. Akasema hakuna kosa, alifurahi. Nikambana: lakini kwenu, Mhispania angefanyaje? Akafikiri. Akasema kwamba kwao, mtu akikukuta unakula, humwambii kitu kingine kabla ya neno hilo, ni adabu. Na kwa kawaida mwenzako hujibu, «No, gracias, que aproveche», hapana, asante, chakula kikufae, kisha hupita na shughuli zake. Aliendelea kusema, nakumbuka mikono yake ilivyokuwa ikienda hewani, lakini mimi nilikuwa nimeinamia daftari naandika. Nilikuwa nimepata kanuni. Mtu wa aina yangu akishapata kanuni, hasikii tena.

Jioni ile ile tulianza mazoezi. Hutayasahau, maana hukuyapenda hata kidogo. Ulikuwa umetoka shambani, miguu ina udongo. Nilipakua sombe, kisamvu chetu, na bugali, nikakaa mezani peke yangu, nikakuambia utoke nje uingie kama mgeni.

«¿Gustas?» nikasema.

Ulitazama sahani, ukanitazama mimi. "Mama, hii ni sombe ya kweli ama ya masomo?"

"Jibu kama nilivyokufundisha."

«No, gracias.»

"Na nini tena?"

«Que aproveche,» ukasema, kwa sauti ya mtu anayeapishwa.

"Sasa pita."

"Nipite niende wapi? Chumba ni kimoja!"

Hapo ndipo Koko alipoingia na kuni mkononi. Sijawahi kumwona akiwa na hasira ile tangu avuke mpaka. "Espérance! Weye uko unafanya nini? Mutoto anatoka ku shamba, iko na njaa, unamuonyesha chakula na kumufundisha kukatala?"

Nikamweleza kwamba ndiyo desturi ya kule unakokwenda.

"Kule kwenyewe banakufaka na njaa?"

"Hapana, mama. Wana chakula kingi."

"Banakuwa na chakula mingi na mutu anakatala?" Akatupa kuni chini. "Masomo mingi imekuharibu kichwa. Faida, kaa. Kula. Huyu mama yako nitamupikia Kihispania chake kesho."

Ulikaa ukala, na Koko akakaa kando yako akinitazama mpaka sahani ikaisha. Lakini mimi sikuacha. Nilisubiri jioni ambazo Koko yuko kwenye maombi. Mara nyingine kwa andazi, mara nyingine kwa embe, mara nyingine kwa muhogo wa kuchemsha. Mwishowe ulikuwa unakataa vizuri sana. Ulikataa bila kunitazama, haraka, kwa matamshi mazuri, na mimi nilikusifu. Ni sifa chache nilizokupa mwaka huu, na nyingi nilikupa kwa kukataa chakula.

Nataka uelewe nilikuwa nikiogopa nini. Niliogopa wakuone mtoto wa kambini. Niliogopa Amparo aseme kwa jirani yake, maskini, njaa waliyokuwa nayo kule. Nilikuona umevuta kile kiti, nikaona macho ya watu ambao hawapo hata mmoja katika ukumbi ule. Inés hakukutazama hivyo. Afande hakukutazama hivyo, yeye alikuonea wivu. Ni mimi.

Na kuna jambo jingine, ambalo linanichanganya zaidi. Sisi wenyewe hapa tumebadilika. Ulipokuwa mdogo, mtu akipita Kashojwa jioni alikuwa anaitwa kila mlango: njo tukule, karibu, njo. Ukiitwa unanawa, unakaa. Kukataa ni kumtukana mwenye sufuria. Halafu posho ilipunguzwa, ikapunguzwa tena, na milango ikaanza kufungwa. Sasa saa ya kula utasikia komeo, na watu wanapita kwa kukazana, wakiangalia mbele, ili wasimwaibishe aliye ndani. Hakuna anayesema neno. Koko huacha mlango wetu wazi, mimi huinuka nikaufunga, naye huinuka akaufungua. Umekulia katikati ya huo mlango. Kwa hiyo siwezi kukuambia kwamba sisi tuna ukaribisho wa moyo na wao wa mdomo. Ningependa kuwa na jambo rahisi kama hilo la kukuambia.

Wiki iliyopita Amparo alipiga simu ya video. Ulivaa blauzi ya bluu. Nilikaa nje ya picha, karibu kiasi cha kukugusa goti kwa kidole ukikosea, na nilikugusa mara nyingi, samahani. Yeye ana nywele nyeupe fupi na anaongea kama mvua juu ya mabati. Akasema usimwite señora, yaani mama, umwite Amparo tu. Nikaona unavyoteseka: kumwita mama wa umri wa Koko jina tupu! Ukaamua kutomwita kitu chochote. Kisha akainua mbele ya kamera sahani ya vitafunio vya kukaanga, vya mviringo, akacheka, «¿Gustas?»

«No, gracias, que aproveche,» ukajibu kama askari. Nikajisikia fahari. Nilikugonga goti kwa furaha.

Akauliza kama ungependa chumba chenye dirisha la barabarani au la uani. «No, gracias.» Akauliza kama unasikia baridi sana, akununulie blanketi nene. «No, gracias.» Akauliza kama ungependa aje kukupokea kituoni na mpwa wake mwenye gari. «No, gracias.» Yule mama akaanza kuongea polepole zaidi, kisha akapunguza maneno, kisha akaaga. Na mimi, mwalimu wa sekondari mwenye shahada, nilikaa pale nikihesabu kwamba hujakosea hata neno moja.

Juzi ujumbe wake ukaingia katika simu yangu. Ulikuwa mfupi na niliusoma bila kamusi. Aliuliza kama msichana anataka kuja. Alisema yeye ni mzee, anaishi peke yake, alikuwa amefurahi kupata mtu wa kula naye, lakini hataki mtu aletwe kwake kwa nguvu. Kama hutaki, aambiwe sasa, hatachukia.

Faida, nilikaa na simu ile mpaka ikazima taa. Hati zipo, tiketi ipo, begi lipo, na mlango wenyewe wa kuingilia ulikuwa unafungwa kwa adabu niliyokufundisha mimi.

Nilikuita. Nilikuuliza kwa nini ulikataa blanketi, hali unajua Soria kuna baridi. Ulikuwa unachambua maharagwe na hukuinua kichwa. "Nilifikiri ni sawa na chakula. Anasema tu."

"Na kituoni? Ungetoka kituoni na nani?"

"Mama, ulinifundisha kukatala. Haukunifundisha kuitika."

Kisha ukaendelea na maharagwe. Afadhali ungepiga kelele.

Jana nilikwenda Mbarara peke yangu. Nilikuambia nafuata mkopo wa vitabu shuleni. Haikuwa kweli, nilikwenda Kakiika kwa Inés. Nilimkuta anaanika nguo. Nikamwuliza swali ambalo nilipaswa kumwuliza tangu mwanzo: kwenu, mtu anajuaje kwamba sasa anaitwa kweli? Akashusha kamba, akanitazama kwa namna ya ajabu. "Lakini nilikueleza siku ile ile," akasema. "Ulikuwa unaandika."

Akanieleza tena, nami sikutoa kalamu. Alisema bibi yake aliishi miaka ya njaa, baada ya vita vyao, na neno lile lilikuwa na kazi. Anayekula alikuwa hana cha kutosha, na anayepita alijua. Basi mmoja anakaribisha ili asiwe mchoyo, mwingine anakataa ili asiwe mzigo, na wote wawili wanalala na heshima yao. Njaa ilikwisha, neno likabaki. Lakini anayekuita kweli, akasema, haishii hapo. Atarudia. Atakuambia kaa, mwanamke, acha mambo yako. Atakusogezea kiti, atakuwekea sahani bila kuuliza. Na mkishakula, hutainuka. Watakaa mezani wakiongea mpaka kahawa ipoe, na anayeinuka kukimbilia vyombo, kama tulivyokulea wewe, wataona anawakimbia wao.

Nilisimama pale katikati ya mashuka yake. Neno lao lilikuwa komeo letu. Wao waliiweka njaa ndani ya neno, sisi tumeiweka nyuma ya mlango. Na sehemu ya pili, ile ya kurudia, nilikuwa naijua kabla ya kuijua lugha yoyote ya Ulaya vizuri. Naijua kwa tumbo langu.

Hili sijawahi kukusimulia, kwa sababu halinipendezi. Nilipofika Nakivale nilikuwa na miaka kumi na sita na wewe tumboni. Baba yako hakuvuka, na Koko alikuwa bado nyuma. Tulilazwa katika banda kubwa la wageni, na karibu na mkeka wangu kulikuwa na mama wa Kirundi, Consolata, mwenye watoto wengi na sufuria ndogo. Kila jioni aliniita. "Binti, karibu tule." Na kila jioni nilimjibu kwamba nimeshiba. Nilikuwa sijala. Nilijua sufuria yake haitoshi, nikafikiri anasema kwa sababu lazima mtu aseme. Na nilikuwa na kiburi cha msichana aliyesoma; nilifikiri nikila chake nitakuwa nimekubali kwamba nimekuwa mkimbizi. Nililala nikisikia vijiko vya watoto wake.

Siku moja hakuniita. Alikuja na sahani, akaiweka juu ya mapaja yangu, akakaa chini mbele yangu kwa uzito, akafungua kanga akajifunika magoti kama mtu ambaye hana pa kwenda. "Nimekuita kwa mdomo hukusikia," akasema. "Sasa nakuita kwa mkono. Kula, na huyo wa ndani naye ale."

Nilikula. Nililia pia, lakini zaidi nilikula. Chakula cha kwanza ulichokula wewe katika nchi hii kilitoka kwa mtu aliyeita, akaita, akachoka kuita. Kama Consolata angekuwa mtu wa kusema mara moja, sijui. Nami baada ya hayo nikaenda kukufundisha kukataa mara ya kwanza na kupita.

Nimekuwa nikijiuliza kwa nini ulivuta kiti siku ile bila kusita, wewe unayeogopa kumwuliza konda bei. Nadhani ni kwa sababu ya Koko. Umelelewa na mtu anayefungua mlango kila ninapoufunga. Ulipoitwa ulikwenda. Mimi niliyekwenda shule nyingi ndiye ninayeitwa siku nyingi kabla sijaitika.

Sikuambii ufanyeje kwa Amparo. Huenda siku ya kwanza atasema neno lile kwa mazoea, akitegemea ukatae, na wewe utakaa, na atacheka kama Inés. Huenda utakataa na atarudia. Utakosea. Mimi nitakuwa mbali na goti lako. Nikifikiri hivyo nakasirika tena, sijui nakasirikia nani, na Koko ananiita jikoni nimwonjee chumvi kana kwamba hajui kutia chumvi.

Afande Byaruhanga amekutumia salamu. Alinijia Jumamosi darasani baada ya wewe kutoka, akaniambia nikuambie maneno haya: "Mwambie akifika huko, chakula ikikuja, asingoje amri." Nilimwambia nitafikisha. Nimefikisha.

Sasa jambo la mwisho, kwa sababu nasikia sauti yako kwa Mama Rehema, na ukifika pale umebakiza nyumba mbili tu.

Leo mchana, ulipokuwa umelala, nilimwandikia Amparo. Niliandika kwa Kihispania changu mwenyewe, bila kamusi na bila kumpa Inés asahihishe. Nilimwambia kwamba unataka kuja, na umetaka tangu siku ya kwanza. Kwamba ulisema hapana kwa sababu mama yako alikufundisha, na mama yako alijifunza nusu ya somo. Kwamba kwetu mtu akiitwa huitika, na akimsikia msichana anavuta kiti asishtuke na mlio, ndivyo kinavyovutwa. Kwamba blanketi alinunue bila kukuuliza. Kwamba kituoni aje, na mpwa wake na gari lake. Ilinichukua mchana wote. Alijibu kwa neno moja, «Vale», sawa, na mkono wa kuaga. Mchana wangu wote, neno moja! Nilikasirika, kisha nikacheka peke yangu mpaka Koko akaja kuangalia.

Halafu nikatazama ile simu, nikajua kitakachofuata. Ningemwandikia kesho kuuliza kama umefika, keshokutwa kuuliza kama umekula, na siku nyingine kumweleza ulichotaka kusema uliposema ulichosema. Ningekaa nje ya picha maisha yako yote na kidole kwenye goti lako. Kwa hiyo nilimwandikia ujumbe mmoja tena, mfupi kama wake: kuanzia kesho, kila kitu amwulize Faida. Nikangoja auone. Alipouona, nikaifuta namba yake.

Wewe unayo. Mimi sina tena.